SOMO LA WOGA: Namna ya Kutuliza Mwili na Roho kwa Pumuzi na Mazoezi ya Kila Siku

Mama mmoja muuza makala alifika siku moja kwenye konsultasio. Ilikuwa mara yake ya tatu kwa mwezi mmoja. Akasema: «Mama, niko nasikia roho inapiga sana. Mikono inakuwa baridi, na mu vidole ni kama sisimizi wanatembea. Usiku silali. Ni roho inaharibika, ao kuna mutu alinifanyia kitu?»

Tulimpima. Malaria hakuna. Damu yake ilikuwa ya kutosha. Tension ilikuwa nzuri. Daktari alisikiliza moyo wake, hakuona ugonjwa. Mwanafunzi wangu mmoja akasema kwa sauti ndogo: «Huyu hana kitu.» Nilimvuta pembeni, nikamwambia: «Mtu ambaye halali tangu miezi miwili, usimwite mtu asiye na kitu.» Kisha tuliketi na yule mama kwenye benchi, tukamwuliza shida ilianza lini. Akanyamaza kidogo, akajibu: «Tangu ile siku ya masasi.»

Jina la shida yake lilikuwa woga. Alihitaji kufundishwa, kama vile mama wa mtoto mwenye kuhara anavyofundishwa namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Ndiyo sababu tunaandika somo hili. Lisome polepole, na kama una jirani asiyejua kusoma, umsomee.

1. WOGA NI NINI?

Mungu hakutupa woga kwa bure. Mtoto asiyeogopa moto anaungua. Mtu asiyeogopa mto uliojaa anachukuliwa na maji. Woga ni mlinzi wa nyumba: akisikia mlio, anapiga ngoma ili wote waamke.

Angalia namna anavyopiga ngoma ile. Macho ao masikio yanapopata habari ya hatari, ubongo unatuma neno upesi sana, hata mbele hujawaza vizuri. Tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya mafigo zinamwaga ndani ya damu dawa ya mwili inayoitwa adrenalini. Moyo, ambao kwa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika moja, unaanza kukimbia. Pumuzi inakuwa fupi na ya juu, kifuani tu. Damu inakwenda kwenye mikono na miguu yenye nguvu, inaacha ngozi na tumbo. Ndiyo sababu vidole vinakuwa baridi, kinywa kinakauka, na tumbo linavurugika. Mwaka 1915 mwalimu wa Marekani Walter Cannon aliandika kitabu akieleza kazi hiyo: mwili unajitayarisha kupigana ao kukimbia.

Hiyo ni kazi nzuri ikiwa simba yuko mlangoni. Lakini kuna wakati simba amekwisha kuondoka, na mlinzi anaendelea kupiga ngoma. Tairi la kamioni linapasuka, mtu anaanguka chini. Mbwa analia, mtu hapati usingizi mpaka asubuhi. Huo tunauita woga wa mabaki. Hatari ilipita, lakini mwili haujapata habari ya kwamba ilipita.

Na wale sisimizi mu vidole? Mtu mwenye woga hupumua upesi upesi, tena mara mingi. Anatoa hewa chafu kupita kiasi, na mwili unahitaji kubakiza sehemu ya hewa ile ndani ya damu. Ikipunguka sana, kichwa kinazunguka, vidole na midomo inafanya ganzi, kifua kinakaza. Mtu anawaza: «Ninakufa.» Wazo hilo linaongeza woga, woga unaongeza pumuzi, pumuzi inaongeza ganzi. Ni gurudumu. Mwenye kujua namna linavyozunguka anaweza kulisimamisha.

2. MIMI PIA NILIOGOPA

Ndugu msomaji, sikuandikii kama mtu aliyesimama kwenye mlima, ambaye matope hayakumfikia. Mnamo tarehe 22 Mei 2021, mangaribi, mlima Nyiragongo ulitoa moto, na lava ikashuka upande wa Goma. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika, usiku na mchana. Tarehe 27 Mei serikali ilituambia tutoke katika mitaa mingi ya mji. Tulibeba watoto na bidoni, tukashika njia ya Sake, karibu kilometa 25, pamoja na watu wasiohesabika.

Tulirudi. Ardhi ilitulia. Mimi sikutulia. Kamioni ikipita barabarani, nilisimama upesi na kutafuta mlango. Siku moja nilikuwa nawaonyesha wanafunzi namna ya kuweka serumu, na mkono wangu ukatetemeka mbele yao. Niliona haya. Nilirudisha sindano kwenye sahani, nikasema kwamba mwangaza hautoshi. Nilidanganya. Mwangaza ulikuwa wa kutosha.

Mkunga mmoja, mwenzangu wa siku mingi, alinifuata nje akaniambia: «Dada, miaka yote hii unafundisha wamama kupumua wakati wa uchungu. Weye mwenyewe unapumua saa gani?»

Neno lake lilinichoma, lakini lilinifungua. Nilikuwa na dawa mkononi, nikawapa wengine tu.

3. TULICHOKWISHA KUJUA KATIKA MATERNITE

Mkunga kila mmoja anajua: mama anayeogopa anakaza mwili, mwili uliokazwa unaumia zaidi, maumivu yanaongeza woga. Daktari mwingereza Grantly Dick-Read alieleza mambo hayo katika kitabu alichotoa mwaka 1942. Daktari Fernand Lamaze alileta Paris, tangu miaka ya 1950, mafundisho ya pumuzi kwa wanawake wenye mimba. Leo katika maternite mingi mkunga anamwambia mama: «Legeza mabega. Vuta kwa pua. Tosha polepole.» Uchungu unabaki, lakini mama hapigani nao tena.

Na mbele ya hao wote, watu wa India walijifunza pumuzi na mwili kwa mamia mingi ya miaka. Mazoezi yao yanaitwa yoga. Neno hilo katika lugha yao ya zamani linatoka kwenye shina lenye maana ya kuunga, kama nira inavyounga ng'ombe wawili. Wanaunga mwili, pumuzi na mawazo, vivute pamoja. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga, na ilifanywa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, mwalimu Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha wagonjwa wa hospitali ya chuo kikuu mazoezi ya kukaa na akili pahali ulipo, pamoja na yoga nyepesi, kwa majuma 8.

Ndugu mmoja wa kanisa aliniuliza: «Mama, yoga si ibada ya watu wengine?» Ni ulizo zuri, nami sitalikwepa. Ni kweli, kwa wahindi wengi yoga ni sehemu ya dini yao, na tunawaheshimu. Sisi hatuchukui sala zao. Tunachukua yale ambayo mwili wa kila mtu unayajua: kunyoosha mgongo, kulegeza mabega, kupumua polepole. Pumuzi haina kanisa. Mwenye kuomba, aombe sala yake mwenyewe anapopumua. Na yule ambaye dhamiri yake inamkataza neno yoga, aseme tu «mazoezi ya pumuzi». Moyo wake utatulia sawasawa.

Tena mkumbuke nabii Elia. Alipomkimbia Yezebeli, aliogopa mpaka akatamani kufa. Alipewa nini kwanza? Hakupewa mahubiri. Alilala usingizi, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Kazi aliyotumwa ilikuja nyuma. Basi kutunza mwili wa mtu anayeogopa si upungufu wa imani.

4. MAZOEZI MATANO

Fanya asubuhi mbele ya kazi, ao usiku mbele ya kulala. Tandika mkeka ao kitenge. Usifanye ukitoka kula. Dakika 10 zinatosha. Afadhali dakika 10 kila siku kuliko saa moja siku ya posho tu.

Zoezi la kwanza: Pumuzi ndefu. Keti, mgongo wima. Weka mkono mmoja kwenye tumbo. Vuta pumuzi kwa pua ukihesabu mpaka 4. Tumbo lisukume mkono. Toa polepole ukihesabu mpaka 6, kama mtu anayepuliza uji wa moto bila kuumwaga. Ukihesabu segonde, pumuzi moja inachukua segonde 10, maana yake pumuzi 6 kwa dakika moja. Fanya kwa dakika 5. Sababu ni hii: wakati wa kutoa pumuzi, mshipa mmoja mrefu wa fahamu, unaotoka kwenye ubongo mpaka kwenye moyo na tumbo, unauambia moyo upunguze mbio. Usizuie pumuzi kwa nguvu. Kichwa kikizunguka, rudi kupumua kama kawaida.

Zoezi la pili: Kusimama kama mlima. Simama bila viatu, miguu iachane kidogo. Sikia udongo chini ya vidole, chini ya kisigino. Shusha mabega. Acha taya lilegee. Baki hapo kwa pumuzi 10. Mtu wa woga anaishi kichwani tu. Zoezi hili linamrudisha kwenye miguu yake.

Zoezi la tatu: Paka. Piga magoti, weka mikono chini kama mtoto anayetambaa. Ukitoa pumuzi, inua mgongo kama paka aliyekasirika. Ukivuta, ushushe polepole. Mara 8. Ni zuri kwa mgongo wa mama aliyebeba mizigo mchana kutwa.

Zoezi la nne: Kukaza na kulegeza. Lala ao keti. Funga ngumi kwa nguvu, segonde 5, kisha ziachilie. Fanya vilevile mabega, uso, tumbo, mapaja, miguu. Daktari Edmund Jacobson wa Chicago aliandika juu ya njia hiyo mwaka 1929. Mwili usiojua kulegea unajifunza tofauti.

Zoezi la tano: Miguu ukutani. Lala chali karibu na ukuta, uegemeze miguu juu yake kwa dakika 5. Mwenye mimba kubwa, mwenye ugonjwa wa moyo ao tension ya juu, asifanye hili bila kumwuliza munganga. Alale tu upande wa kushoto.

Neno la uangalifu: mtu aliyefanyiwa ukali, ao mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu, anaweza kuona mabaya yale akifunga macho. Basi asifunge. Aangalie kitu kimoja: mlango, jani, mkono wake. Asilazimishwe kulala chini wala kuguswa. Yeye ndiye anachagua, na akisema «basi», ni basi.

5. KAZI ZA KILA SIKU NI MAZOEZI PIA

Wamama wengi wanatuambia: «Mama, mafasi ya kukaa hivi tutatoa wapi?» Ni kweli. Kwa hiyo tumieni kazi mnayoifanya.

Ukiosha vyombo, osha vyombo. Sikia maji kama ni baridi, sikia mchanga kwenye sufuria. Wazo la woga likija, usipigane nalo. Sema «nimekuona», kisha rudi kwenye sufuria. Ukitwanga sombe, sikiliza mwichi, na utoe pumuzi kila unaposhuka. Ukibeba bidoni, hesabu hatua 4 ukivuta, hatua 6 ukitoa. Hata mara mia wazo likikutoroka, lirudishe mara mia. Kule kurudisha ndiko zoezi.

Woga ukikushika kwa ghafula sokoni ao usiku, fanya hivi: taja vitu 5 unavyoona, 4 unavyogusa, sauti 3 unazosikia, harufu 2, na kitu 1 kinywani. Unamwambia mlinzi wako: «Angalia, tuko hapa, leo. Si ile siku.»

Je, mambo haya yamejaribiwa kwa watu kama sisi? Ndiyo. Katika Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi kutoka Sudan ya Kusini walikutana katika vikundi, vikao 5, wakasikiliza masomo ya namna hii yaliyotayarishwa na Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS. Habari zilitolewa mwaka 2020: nyuma ya miezi 3, wale waliofuata masomo walikuwa na taabu ya roho iliyopungua kuliko wenzao wasioyafuata. Hawakuwa wamerudi kwao. Hawakuwa wamepata mali. Lakini walikuwa wamepata namna ya kusimama.

6. KUPANDA NGAZI

Woga unakula kwa kukimbiwa. Ukiacha kwenda sokoni leo, kesho utaogopa hata njia ya soko. Basi panda ngazi, kipandio kimoja kimoja. Juma la kwanza, nenda na dada yako mpaka kona, simama, pumua mara 10, rudini. Juma la pili, mpaka mlango wa soko. Usirudi wakati woga uko juu kabisa. Ngoja ushuke kidogo ndipo utoke. Hivyo mwili unajifunza kwamba woga, kama mvua kali, unapita.

Lakini sikieni vizuri sana. Ngazi hii ni ya woga wa mabaki tu. Kama hatari ingaliko, usipande. Pumuzi haizuii sasi, na yoga haifukuzi mwenye silaha. Kama njia ya shamba ina watu wabaya, usipite. Kama mume anapiga, usiambiwe na mtu yeyote «pumua tu, mama». Tafuta msaada. Anayefundisha watu kutulia mbele ya hatari ya kweli anawadanganya.

7. VITU VINAVYODANGANYA

Kanyanga na lotoko vinalaza mtu, lakini usingizi wake unakatika usiku, na asubuhi woga unarudi na ndugu zake. Vidonge vya diazepamu vinavyouzwa kwenye farmasi bila karatasi ya munganga vinashika mtu kama kamba. Na aliyevitumia siku mingi asiache kwa ghafula, aje tumsaidie kupunguza. Kahawa mingi na chai kali vinaongeza mapigo ya moyo. Na usimfunike mtu kinywa na mfuko eti apumue ndani. Kama ana ugonjwa wa mapafu ao wa moyo, unaweza kumwua.

8. FIKA HOSPITALI UPESI IKIWA:

– kifua kinauma sana, ao maumivu yanakwenda kwenye mkono ao taya;
– unakosa pumuzi hata ukiketi, ao miguu imevimba;
– una homa, ao unapunguka uzito, ao shingo imevimba mbele;
– una mimba na kichwa kinauma sana, macho yanaona giza ao vimulimuli;
– huwezi kula, kulala wala kutumika kwa majuma 2;
– unawaza kujiua. Usikae peke yako na wazo hilo hata usiku mmoja. Mwambie mtu leo.

Si kila moyo unaopiga mbio ni woga. Upungufu wa damu, malaria na ugonjwa wa tezi la shingo vinaweza kufanana nao. Ndiyo sababu tunapima kwanza.

9. YULE MAMA NA MIMI

Muuza makala alirudi nyuma ya miezi miwili. Alikuwa ameuza gunia mbili asubuhi ile. Nilimwuliza: «Woga umekwisha?» Akacheka. «Haujaisha, mama. Unakuja. Lakini sasa ukikuja, naupatia kiti, napumua, nao unachoka unaenda.» Analala saa 5 za usiku, mara ingine 6. Mbele alikuwa analala 2.

Mimi? Niliwaambia wanafunzi ukweli juu ya ile siku ya serumu. Niliwaambia mwangaza ulitosha. Darasa lilinyamaza, kisha kijana mmoja akanyosha mkono akasema: «Mama, hata mimi.» Na mwingine. Na mwingine. Tangu siku ile tunaanza somo la kwanza kwa pumuzi 10, wote, na mwalimu pia. Kamioni ikipita, wakati mwingine bado nasikia moyo unaruka. Naweka miguu chini, naendelea na kazi.

Ndugu msomaji, usione haya kuogopa. Anza leo na pumuzi moja ndefu.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Woga wa kweli na woga wa mabaki vinaachana namna gani? Toeni mfano wa mtaa wenu.
2. Kwa nini kutoa pumuzi kunapaswa kuwa kwa polepole kuliko kuvuta?
3. Ni nani asifanye zoezi la tano bila kumwuliza munganga?
4. Jirani anasema: «Nafunga macho, naona mabaya.» Utamwambia nini?
5. Ni kazi gani ya nyumba utakayoifanya juma hili kwa akili yote? Juma lijalo, leteni habari.